Nani Anaitazama Video Yako? Tathmini ya Watu Walio Nyuma ya Kozi ya Ukalimani wa Lugha ya Alama kwa Masafa

Fungua mtaala wa kozi yoyote ya ukalimani wa lugha ya alama utakuta mambo yaleyale: maadili ya kazi, isimu, uchambuzi wa matini, ukalimani fuatizi (msemaji akisita ndipo unakalimani), ukalimani sambamba (unakalimani huku akisema), kisha mafunzo kwa vitendo. Anayetafuta kozi ya masafa, yaani ya kusomea mbali na chuo, hapati cha kuchagulia humo. Aombe orodha ya wafanyakazi. Wako wangapi, nani kati yao ni kiziwi, nani amewahi kukalimani darasani au mahakamani, na ni nani hasa atakayekaa na video ya dakika kumi uliyojirekodi ukikalimani akaitazama hadi mwisho?

Mfano tunaoutumia hapa ni programu iliyokulia Denver, jimbo la Colorado, Marekani, iliyojulikana kwa miaka mingi kama DO IT Center. Jina hilo ni kifupi cha maneno yenye maana ya fursa za masafa kwa mafunzo ya wakalimani. Katika miaka ya 1990 ilikuwa chini ya Front Range Community College, baadaye ikahamia University of Northern Colorado. Chuo chenyewe kiko Greeley, lakini kituo kilifanyia kazi Lowry, Denver, eneo lililokuwa kambi ya jeshi la anga. Mkurugenzi wake kwa muda mrefu alikuwa Leilani Johnson. Pamoja naye alikuwapo Anna Witter-Merithew, aliyewahi kuwa rais wa RID, chama cha wakalimani wa lugha ya alama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1964. Kwa hiyo juu kabisa walikaa watu waliotoka ndani ya fani yenyewe. Kozi ya masafa inaweza pia kuongozwa na idara ya teknolojia, mkalimani akaitwa baadaye kujaza maudhui.

Mazingira ya kuzaliwa kwake yanaeleza kwa nini wafanyakazi walipangwa vile. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu iliwapeleka watoto viziwi wengi katika shule za kawaida, nazo shule zikahitaji wakalimani haraka. Walioajiriwa, hasa katika miji midogo ya majimbo ya magharibi, mara nyingi walikuwa watu wanaojua alama kiasi tu: ndugu wa kiziwi, muumini wa kanisa lenye viziwi, msaidizi wa mwalimu aliyesoma kozi fupi. Walikuwa kazini tayari, wana familia, na chuo kiko mwendo wa saa nyingi kwa gari. Kumwambia mtu huyo aache kazi ahamie Denver ni kumwacha mtoto kiziwi darasani bila mtu. Basi idara za elimu za majimbo kadhaa zikashirikiana na kituo, mafunzo yakawafuata huko waliko kwa kanda za video zilizopita posta, na shule zilipofungwa majira ya joto wanafunzi wakaenda Colorado kuonana na walimu ana kwa ana.

Ule mkutano wa majira ya joto wengine huuona kama gharama ya ziada. Sisi tunaihesabu kuwa sehemu bora ya muundo mzima. Kamera moja haionyeshi jinsi mkalimani anavyochagua pa kusimama, anavyompokea mwenzake zamu baada ya dakika 20 au 30, au anavyomwita kiziwi kwa kumgusa bega badala ya kupunga mkono hewani kama anayefukuza nzi. Mambo hayo hufunzwa kwa kusimama chumba kimoja. Kozi inayojinadi kuwa huhitaji kukutana na mtu hata siku moja, ulizia wamelifidiaje hilo.

Sasa tufike kwa mtu muhimu kuliko wote, ambaye kwenye tovuti huwa hana hata picha: mkufunzi mlezi, yaani yule anayepitia video za mwanafunzi na kumwandikia mrejesho. Intaneti imefupisha safari ya video kutoka siku kadhaa za posta hadi dakika chache. Muda wa kuitazama haujapungua hata kidogo. Video ya dakika 10 hutazamwa mara ya kwanza bila kusimamisha, mara ya pili kwa kusimamisha na kuandika, kisha vipande viwili vitatu hurudiwa kwa mwendo wa nusu. Weka dakika 45 kwa kila video. Wanafunzi 20 wakituma video moja kwa wiki, hizo ni saa 15 kabla mkufunzi hajafundisha kipindi kimoja. Mpe wanafunzi 40, zinakuwa saa 30, naye pengine ameajiriwa nusu siku. Hapo ndipo mrejesho unapogeuka kuwa "Vizuri, endelea kufanya mazoezi", na mwanafunzi analipa ada ya mwaka mzima kwa sentensi hiyo.

Mrejesho wenye thamani una sura yake. Chukua somo la sayansi la darasa la nne. Mwalimu anasonta sufuria na kusema: "Kinachotoka hapa si moshi, ni mvuke. Mnajua tofauti yake?" Mwanafunzi anakalimani kwenda Lugha ya Alama ya Marekani, ASL. Mkufunzi mlezi anayeijua kazi yake ataandika hivi: "1:44, mwalimu ameonyesha sufuria, mtoto amegeuka kuitazama, nawe umeendelea kufanya alama. Hakuona neno 'moshi'. Ngoja macho yake yarudi. 1:47, umekanusha kwa mkono lakini kichwa hakikutikisika. Anayekusoma kwa pembeni ataelewa kuwa ni moshi. 1:51, nyusi zimeshuka kana kwamba swali ni la 'nini' au 'kwa nini'. Hili ni la ndiyo au hapana: nyusi zipande, alama ya mwisho ishikiliwe kidogo. Rekodi upya kuanzia 1:40 hadi 2:00 tu." Muda, kilichoonekana, kilichompotea mtoto, cha kurudia. Kabla ya kulipa senti, omba mrejesho mmoja wa kweli uliofutwa jina la mwanafunzi. Kozi yenye wakufunzi wanaofanya kazi haitahangaika kuupata.

Huyo mkufunzi naye anahitaji vifaa. GoReact, programu ya kulipia, humruhusu kuweka maoni kwenye sekunde husika ya video, tena kwa maandishi au kwa video, jambo linalompa mkufunzi kiziwi nafasi ya kujibu kwa lugha yake. ELAN, inayotoka Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi, ni ya bure na ina safu nyingi za maelezo: safu moja ya maneno ya chanzo, yaani hotuba inayokalimaniwa, nyingine ya alama, nyingine ya nyusi na kichwa. Inafaa kwa uchambuzi wa kina. Kwa kazi ya kila wiki ni nzito. Kozi inayopokea video kwa WhatsApp na kujibu kwa sauti tunaipunguzia maksi mara mbili. WhatsApp huiminya video mpaka vidole vinaungana, na ujumbe wa sauti humfungia nje mkufunzi kiziwi.

Kosa linaloharibu video nyingi za kwanza ni la chanzo. Mwanafunzi anavaa hedfoni, anasikiliza hotuba, anafanya alama, anatuma. Mkufunzi anafungua na kukuta mtu anayepunga mikono kimya kimya. Atajuaje kilichoachwa kama hasikii kilichosemwa? Na akiwa kiziwi, hata sauti ikiwemo haimsaidii. Wafanyakazi makini hutoa chanzo pamoja na nakala yake iliyoandikwa na kuwekewa muda, na humwelekeza mwanafunzi anyooshe mkono juu neno la kwanza linaposikika, ili anayepitia aoanishe nakala na picha. Pia humfundisha kurekodi chanzo na alama kwenye faili moja. Hapo ndipo mkufunzi anapoweza kupima uchelewaji, ule muda kati ya neno kusikika na alama kutoka. Ukiwa mfupi mno, unazaa alama zilizofuata mpangilio wa Kiingereza neno kwa neno; ukirefuka mno, tarehe na majina hudondoka.

Kuhusu walimu viziwi hatuna subira na visingizio. Karibu kila kozi inao, lakini wengi wamewekwa kwenye vipindi vya lugha vya mwanzo tu, na uamuzi wa nani anafaulu ukalimani unabaki kwa wanaosikia. Linganisha na EIPA, mtihani wa wakalimani wa shule unaotumika sana Marekani. Video ya mtahiniwa hupitiwa na jopo ambalo ndani yake yumo kiziwi, na maksi hutolewa kati ya 0 na 5. Colorado inataka angalau 3.5 ili mtu akalimani shuleni. Mtumiaji wa huduma yumo ndani ya kipimo. Basi swali la kuwauliza wahusika wa kozi ni moja: mwalimu kiziwi akisema mwanafunzi huyu haeleweki, je, mwanafunzi huyo anafeli? Jibu likianza na "Tunazingatia maoni ya wote", umeshajua.

Utaijua nafasi ya viziwi pia kwa jinsi vipindi vya moja kwa moja vinavyoendeshwa. Mitambo ya mikutano ya mtandaoni kwa kawaida humkuza anayetoa sauti. Mwalimu kiziwi akifundisha kwa alama, skrini itamrukia yeyote aliyekohoa. Msimamizi wa kipindi anapaswa kumbandika mwalimu juu ya skrini ya kila mtu, kuzima vipaza sauti vyote, na kuweka utaratibu wa zamu kwa kunyoosha mkono. Zoom iliongeza sehemu maalumu ya wakalimani wa lugha ya alama mwaka 2022, lakini lazima mtu aiwashe kabla ya mkutano, na mtu huyo awe na jina na zamu. Mandhari ya bandia ipigwe marufuku: programu huchukulia vidole vinavyokwenda kasi kuwa sehemu ya nyuma na kuvikata. Na kikao cha wafanyakazi wenyewe je? Kuna kozi zinazofundisha ukalimani huku mwalimu wao kiziwi akisubiri muhtasari wa kikao kwa barua pepe. Ajabu, lakini ipo.

Fundi wa video hatajwi popote mpaka mambo yaharibike. Kazi yake ni kuandika maelekezo mafupi ya kurekodi na kuyasimamia bila huruma. Fremu 25 hadi 30 kwa sekunde. Chini ya hapo herufi za vidole, zile za kutaja neno herufi moja moja, zinakuwa ukungu. Picha ianzie juu kidogo ya kichwa iishie chini ya kiuno, viwiko visikatwe mikono ikitanuka. Nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi, ukuta mtupu, mwanga kutoka mbele. Simu ilazwe kwa upana juu ya stendi, isishikwe na mtoto wa jirani. Dirisha likiwa nyuma uso unakuwa kivuli, na uso ukipotea sarufi nayo imepotea, kwa sababu maswali, ukanushi na masharti hukaa kwenye nyusi, mdomo na kichwa. Kwa kiwango cha megabiti 2 kwa sekunde, dakika 10 ni takriban megabaiti 150. Mwenye bando dogo aonyeshwe kupunguza faili kwa HandBrake kwa kushusha ukubwa wa picha huku fremu zikibaki palepale. Wengi hufanya kinyume: wanatunza picha kubwa inayong'aa na kushusha fremu hadi 15. Video ya namna hiyo ni nzuri kwa harusi, kwa lugha ya alama haifai.

Mratibu tutamsema kwa ufupi. Anapanga ratiba, anafuatilia video zilizochelewa, anatunza hati za ridhaa za kila mtu aliyerekodiwa. Hati hizo si mapambo: ukirekodi darasani, uso wa mtoto kiziwi umo, na bila ridhaa ya mzazi video haipaswi hata kupakiwa. Kozi ambayo mratibu wake ndiye huyohuyo mwalimu, mhasibu na fundi, itakwama wiki ya tano.

Mafunzo kwa vitendo ndipo kozi nyingi za masafa zinapovuja. Mwanafunzi yuko mji ambao hauna mkalimani mwingine, kwa hiyo fomu ya saa za mafunzo inasainiwa na mkuu wa shule asiyejua alama hata moja. Saa zinatimia; ubora haujapimwa na yeyote. Dawa ina sehemu mbili. Awepo msimamizi wa mbali anayeijua lugha na anayepokea video ya kazi halisi kwa ratiba inayojulikana, na awepo kiziwi mmoja wa hapohapo mjini, analipwa, anayeulizwa kama alimwelewa mkalimani. Huyo wa pili huachwa kwa kisingizio cha bajeti, wakati ndiye rahisi kuliko wote.

Upande wa kuingia, tunawapa heshima wafanyakazi wanaothubutu kukataa watu. Anayejiunga na ukalimani kabla lugha haijamkaa atatumia muhula mzima kutafuta alama badala ya kutafuta maana. Kwa ASL kuna vipimo vya umahiri kama ASLPI cha Gallaudet, nacho kikitumia ngazi 0 hadi 5. Kozi isiyopima lugha mlangoni inamhamishia mkufunzi mlezi mzigo usio wake, na mrejesho wa ukalimani unageuka kuwa somo la msamiati.

Kasoro kubwa ya mfano huu wa Marekani ni fedha. Sehemu kubwa ya kazi ya Denver ilibebwa na ruzuku za serikali kuu. Kituo cha MARIE, cha kanda cha mafunzo ya wakalimani kilichokuwa chini yake, kilikuwa kimoja kati ya vile vya NCIEC, muungano wa vituo vya aina hiyo uliofanya kazi kuanzia 2005 hadi 2016. Ruzuku hujenga haraka: inaajiri wataalamu, inazalisha video za mafunzo, inalipa walezi. Muda wake ukiisha, video zinabaki na watu wanaondoka. Kwa hiyo ukikuta maktaba tajiri ya masomo, angalia tarehe zake, kisha uliza ni wangapi kati ya wanaoonekana kwenye video hizo bado wanalipwa mshahara wa kudumu. Marekani kuna pia CCIE, chombo cha ithibati kwa programu za ukalimani. Tazama kama kozi imo kwenye orodha yake ya sasa, usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye ukurasa.

Kwa msomaji aliye Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kuna la kusema waziwazi. Wafanyakazi hawa wa kozi za Marekani wanafundisha ukalimani kati ya Kiingereza na ASL. Hawafundishi Lugha ya Alama ya Tanzania wala Lugha ya Alama ya Kenya, KSL. Herufi za vidole za KSL zinafanana sana na za Kimarekani, na mfanano huo huwadanganya watu wadhani lugha ni moja. Siyo. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja KSL kwa jina lake, na ibara ya 120 inaiweka pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Cheti cha ASL hakikufikishi pale. Unachoweza kubeba ni mbinu: uchambuzi wa matini, maadili, kazi ya wawili wawili, namna ya kupokea na kutoa mrejesho. Lugha yenyewe utaipata kwa viziwi wa nyumbani, na kwa Tanzania mlango wa kubisha ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA.

Waswahili walioko Marekani hesabu yao ni nyingine. Miji ya huko, ya Colorado ikiwamo, imepokea wakimbizi Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na miongoni mwa wakimbizi wamo viziwi ambao hawajui ASL au wamekulia alama za nyumbani tu, zilizobuniwa na familia zao. Hospitalini au mahakamani, mtu wa namna hiyo huhitaji mkalimani kiziwi, anayegeuza ASL kuwa alama anazozielewa mtu huyo, akifanya kazi pamoja na mkalimani anayesikia, na familia ikizungumza Kiswahili anaongezeka wa tatu, wa Kiswahili. Kozi yenye wafanyakazi viziwi waliofanya kazi hiyo ya timu ina kitu cha kuwafundisha watu wetu. Isiyo nao itafundisha maelezo ya kitabuni.

Jambo la mwisho ni saa. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni Denver ni saa kumi alfajiri Nairobi na Dar es Salaam, na majira yao ya joto, wanaposogeza saa mbele, kinakuwa saa tisa usiku. Uliza kama vipindi vinarekodiwa mwalimu akionekana mzima, bila skrini kurukaruka, na kama yupo mkufunzi mlezi atakayejibu video yako ndani ya wiki hata kama hukuhudhuria. Uliza pia anaitwa nani.